Mwaka wa Penseli Mdomoni

Nilimchukia Madam Wairimu. Naiandika sentensi hiyo mwanzoni kabisa, kabla sijapata nafasi ya kuipamba, kwa sababu nimeikanusha kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, na sikuikanusha kwa kunyamaza tu. Niliikanusha gazetini. Nilipokuwa nimeanza kujiita mwandishi wa insha, kwa vile hakuna aliyejitokeza kunizuia, niliandika makala ya kuchekesha kuhusu mwalimu wangu wa piano wa Kajiado, ambaye alikuwa akiniwekea penseli katikati ya meno kila nilipocheza skeli ili nisiimbe. Niliandika kwamba penseli ile ndiyo iliyonifundisha nidhamu. Niliandika kwamba kila mtoto anahitaji penseli ya aina ile. Wasomaji walifurahi mno. Mmoja aliniandikia kwamba alicheka hadi chai ikammwagikia, nami nikaiweka barua yake mahali pazuri, kama mtu aliyepewa medali kwa kuanguka ngazi vizuri.

Mwezi uliopita tulimzika Madam huko Kimuka, alikostaafu na kupanda miti ya kuzuia upepo, ambayo haikuuzuia. Hema zilikuwa zikipepea kama zinataka kuondoka nasi. Emsii, kijana aliyevaa suti ya kung'aa, alifika kwenye ukurasa wa programu ambapo familia ilikuwa imechapisha kipande cha makala yangu, akakisoma chote kwa sauti ya mtu anayetangaza mechi, kisha akauliza, "Na huyu Ndinda wa penseli yuko wapi? Simama tukuone, mama!" Nikasimama. Nikapunga mkono. Watu wakapiga makofi. Nyuma yangu mzee mmoja akamwambia jirani yake, "Mwalimu wa siku hizi akifanya hivyo anapelekwa kortini," na jirani akajibu, "Ndio maana watoto wa siku hizi ni bure kabisa." Nikaketi nikitabasamu. Nilikuwa na tabasamu maalumu la hadithi ile, nimelitumia kwenye harusi na semina, halihitaji hata kuoshwa.

Kwenye foleni ya chakula Nyokabi akanishika mkono. Nyokabi ni binti yake Madam, tuko rika moja, na ndiye mpiga piano hasa kati yetu sote tuliopitia nyumba ile. Alikuwa na macho makavu ya mtu aliyelia akamaliza. "Ndinda, wewe ni mtu wetu," akasema. "Tunafungua music school pale Kitengela, juu ya supermarket. Itaitwa jina la mum. Sasa kwa brosha tunataka kuweka article yako yote, na jina lako chini. Wazazi wanaipenda sana. Tunasema ndio njia yetu. Mtoto akiingia siku ya kwanza anapewa penseli yake, iko na jina lake."

"Ya kuandikia?"

"Ya kuuma," Nyokabi akasema, bila kucheka. "Niambie kufikia Ijumaa, brosha inaenda kwa printer."

Nikamwambia nitafikiria. Yaani mtu ananiuliza kama watoto wa Kitengela wafungwe midomo kwa idhini yangu, nami najibu kama nimeulizwa habari ya pazia. Nilirudi nyumbani na sahani ya mukimo niliyofungiwa kwenye foili, nikaiweka kwenye kaunta ya jikoni, nikagundua kwamba nilikuwa nimeuma meno njia nzima hadi taya likauma. Na si uchungu wa uzee. Nilijua ulikotoka.

Ulikuwa mwaka ule wa kungoja. Waliomaliza kidato cha nne siku zile wanaukumbuka: umefanya mtihani, matokeo yametoka, na chuo kikuu kinakwambia utulie nyumbani kwanza, kitakuita kikiwa tayari. Wengine walifundisha shule za msingi, wengine waliuza mitumba. Mimi nilitaka kusomea muziki. Idara ya muziki ilitaka, pamoja na alama za kawaida, cheti cha gredi ya tano cha ala yoyote, kutoka kwa wale watahini waliokuwa wakija nchini kwa msimu na kuzunguka vituo vyao, kimoja kikiwa shule ya wasichana mjini Kajiado. Bila cheti hicho ningepelekwa kwenye kozi yoyote iliyobaki na nafasi. Hilo ndilo jambo lote lililokuwa mezani mwaka ule. Nilikuwa nikicheza kinanda cha kanisa tangu darasa la sita, kwa vidole vyangu mwenyewe na neema ya Mungu, na nilijua nyimbo ningeziweza. Kilichonitisha ni skeli.

Kwa asiyewahi kukutana nazo: skeli ni ngazi ya sauti. Unaipanda na kuishuka bila kuruka kidato, na kila ngazi inaanzia mahali pake, panapoipa jina, kama C au E-flat, na ina vitufe vyake vyeusi. Mtahini anaweza kukuitisha yoyote kati ya zile za gredi yako, kwa mkono wa kulia, wa kushoto, au yote miwili, polepole au haraka, na hakuna karatasi mbele yako. Lazima zikae kichwani. Kuzikariri ni kama kukariri majina ya wageni wote wa harusi na gauni alilovaa kila mmoja.

Nilikuwa na ufunguo wa kanisa letu la mabati pale Kitengela. Mji wenyewe siku zile ulikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga, vumbi la saruji kutoka upande wa Athi River, na pundamilia waliokuwa wakila nyasi nyuma ya posho mill kama wapangaji. Kila alasiri nilikuwa nafungua kanisa, natoa kitambaa juu ya kinanda, napuliza vumbi, naanza. Na njia yangu ilikuwa moja tu, ile niliyolelewa nayo: do, re, mi. Kwaya yetu yote ilisoma hivyo, akina mama wa soko na wazee wa kanisa, hakuna aliyejua nota za mistari mitano lakini ungewapa do wakakuimbia sauti nne bila kosa. Kwa do-re-mi, skeli zote za meja, zile za sauti ya furaha, ni wimbo mmoja. Umehamisha tu nyumba. E-flat ni C iliyonunua ploti mahali pengine. Kwa hiyo nilikuwa naimba huku nacheza, na kidole kikienda pabaya koo linakataa kabla hata sikio halijasikia. Nilikariri skeli zangu za kwanza kwa siku chache, nikiwa naimba kwa sauti kubwa ndani ya kanisa tupu, upepo ukigonga mabati kama mtu anayetaka kujiunga na kwaya.

Mpiga kinanda rasmi alikuwa Sila, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha nguo na kufika kanisani jioni akiwa bado na nyuzi kwenye sweta. Sila alijua kuweka vidole kwa namna moja tu, na kwa namna hiyo moja alikuwa mfalme. Mwimbaji akitaka kupanda juu, Sila hakuhamisha vidole. Kinanda kilikuwa na kitufe cha kupandisha au kushusha sauti zote kwa pamoja, na Sila alikuwa anakibonyeza tu na kuendelea na vidole vyake vilevile. Kinanda chenyewe ndicho kilichohama. Karibu kila mpiga kinanda wa kanisa ninayemjua upande huu alijifunza hivyo. "Sister, mbona unajitesa?" alikuwa akiniuliza akinikuta nikihangaika na skeli za maina, zile za sauti ya huzuni. "Na huyu Maina alikukosea nini?" Kisha ananionyesha kitufe. "Mungu alituletea button ndio tupumzike."

Jumamosi nilikuwa naenda Kajiado kwa Madam Wairimu, kwa sababu ndiye aliyeandikisha watahiniwa wa kituo kile na ndiye aliyekuwa na piano ya kweli. Nyumba yake ilikuwa ya walimu, ya mawe, nyuma ya shule. Sebule ilinuka rangi ya sakafu na mafuta ya taa. Piano iliachwa na wamisionari, nzito kama kabati la mwenye deni, juu yake vitambaa vya kufuma na waridi za plastiki ambazo Madam alikuwa akizifuta vumbi petali moja moja. Kupitia dirisha ungemsikia mama wa maziwa akifika mlango wa jikoni na kusalimu kwa Kimaasai, "Sopa," na Madam akijibu "Epa" bila kuondoa macho kwenye mikono yangu. Na mkono ukikosea alijua ni kidole kipi.

Nitasema jambo ambalo linaniudhi kuliko mengine yote: alikuwa mwalimu mzuri. Alinifundisha kuanza na skeli ninayoiogopa zaidi, akili ikiwa bado mbichi. Alinifundisha kusimama katikati ya ngazi na kuanzia hapo hapo, kwa sababu mtu anayejua kuanzia chini peke yake hajui ngazi, anajua mlango. Mkono wa kushoto peke yake hadi uache kujificha nyuma ya wa kulia. Kufumba macho. Kucheza skeli juu ya meza ya jikoni wakati maharagwe yanachemka. Aliandika majina ya skeli kwenye vikadi akaviweka ndani ya kofia ya marehemu mume wake, na mimi natoa kimoja bila kuchagua, kama bahati nasibu, ili nisizoee mpangilio. Mpaka leo nikifundisha watu kuandika natumia kofia. Ningependa sana kumkumbuka kama mtu asiyejua kazi yake. Amenikatalia hata hilo.

Siku ya penseli ilianza kwa E-flat. Niliicheza vizuri, naapa, vidole vilikuwa mahali pake. Lakini nilikuwa naimba kwa chini, kama nilivyozoea, na Madam akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Unaimba nini?"

"Skeli, Madam."

"Skeli gani?"

"E-flat."

Akabonyeza kitufe cha piano. "Hii ndio E-flat. Sasa wewe uko wapi? Wewe uko Namanga." Nyokabi, aliyekuwa ameketi pembeni kunifungulia kurasa za nyimbo, aliinamisha kichwa. "Vidole viko kwa skeli moja, mdomo uko kwa ingine. Hizo do-re-mi uwachie kwaya yenu huko Kitengela. Hapa tunasoma piano." Alichukua penseli iliyokuwa juu ya kitabu cha nota, akaipangusa kwa kitambaa cha kufuma, akanishika kidevu jinsi unavyomshika mbuzi ukitaka kumpa dawa. "Uma. Usitafune, uma tu. Ikianguka tunaanza upya."

Ilianguka. Tukaanza upya. Ilikuwa na ladha ya rangi na ya mkono wa mtu mwingine. Ukiuma penseli kwa muda mrefu mate yanakusanyika, huwezi kumeza vizuri, na unajua kwamba yakidondoka yatadondoka kwenye vitufe vya piano ya wamisionari mbele ya watu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa mtu mzima, nina kitambulisho, napiga kura. Niliketi na penseli mdomoni nikicheza E-flat na mate yakinishuka kwenye kidevu, na wakati wote huo nilikuwa nafikiria, kwa hofu ya msichana mwenye adabu, kwamba Madam ana haki kwa sababu kweli niliimba vibaya.

Sikuimba vibaya. Hilo niligundua wiki chache baadaye, kanisani, nilipoangalia kioo kidogo cha kinanda ambacho sikuwahi kukijali na kuona alama ya kujumlisha na namba mbili. Sila alikuwa amekipandisha. Nilipomuuliza alishangaa kwa nini nauliza. "Ah, hiyo naiwachanga hapo tu. Mama Kasyoka anapenda kuimba juu." Kwa hiyo kila alasiri nilikuwa nabonyeza E-flat na kusikia F, naimba nilichosikia, na koo langu likakariri kwa uaminifu kile kinanda kilichosema. Jumamosi nikifika kwa Madam, vidole vilikuwa Kajiado na koo limebaki Kitengela. Hilo tu. Ningebonyeza kitufe mara mbili kukishusha na jambo lingeisha. Nilicheka peke yangu kanisani. Niliona fahari, hata: kumbe sikio langu lilikuwa zuri kiasi hicho.

Jumamosi iliyofuata nilimweleza Madam nikiwa bado mlangoni, sijavua hata sweta. Nilimweleza kitufe, Sila, Mama Kasyoka, yote, Nyokabi akiwa kwenye kiti chake cha pembeni. Nilitarajia atacheka. Alinisikiliza hadi mwisho, na ninajua alielewa, kwa sababu alielewa muziki kuliko mtu yeyote niliyekuwa nimekutana naye. Kisha akasema, "Kwa hivyo ni keyboard ndio inaimba, si wewe?"

"Si hivyo, Madam. Nasema nikiishusha—"

"Ndinda. Mtu akishazoea kuegemea kiti hajui kama ana mgongo." Akanyoosha mkono wenye penseli. "Uma."

Nikauma. Hapo ndipo hasira yangu inapoishi. Penseli ya kwanza ningeweza kuisamehe, alikuwa na sababu, hata kama mbaya. Penseli ya pili, ile iliyokuja baada ya yeye kujua, nimejaribu kuitafutia sababu kwa miaka yote hii na sijaipata. Nimekuwa na watoto, nimekuwa na wanafunzi, nimekuwa na siku mbaya nyingi, na sijawahi kuipata. Alijua tatizo limekwisha. Akaendelea kwa sababu alikuwa ameanza.

Tulikuwa tunakula mezani kwake baada ya somo. Mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa, na kabichi, chai kutoka kwa flaski yenye maua. Ni chakula chema kwa taya lililochoka, nitasema hivyo, unakisukuma tu na ulimi. "Kula, Ndinda, mbona unakula kama mgonjwa?" Madam alikuwa akisema, kwa huruma kabisa, akiniongezea. Nyokabi alikula mkabala wangu, kimya, kingo za midomo yake zimepasuka na kupakwa Vaseline. Nilidhani ni upepo wa Kajiado. Madam alikuwa akitueleza habari za wanafunzi wake wa zamani, mmoja alikuwa Ulaya, mmoja alikuwa anapiga ogani kwenye kanisa kubwa Nairobi, na kila hadithi iliisha kwa "na alilia hapo hapo umeketi." Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote, ili asione.

Kidogo kidogo nikaacha kuimba. Sikuamua, iliondoka tu. Kwanza kanisani alasiri, kwa sababu nilianza kufanya mazoezi na penseli yangu mwenyewe, ili niwe tayari. Ndiyo, nilijiwekea. Hakuna aliyenilazimisha ndani ya kanisa lile tupu. Skeli ziligeuka kuwa namba za vidole, moja mbili tatu, gumba chini, moja mbili tatu nne, na zilikwenda haraka kuliko wakati wowote, safi, kama mashine ya kushona. Kisha nikaacha kuimba Jumapili. Mwalimu wa kwaya aliniuliza, "Sauti ya pili imekonda, wewe uko wapi?" Nikamwambia niko na homa. Homa ile ilidumu hadi mtihani. Jikoni nyumbani nilikuwa nagonga meza kwa vidole, mdomo umefungwa, na ndugu zangu wakaanza kuniita mashine ya chapa.

Mtahini alikuwa mzee Mwingereza, mpole, amechomwa na jua la Kajiado puani. Ukumbi wa shule ulikuwa na piano nyingine, si ile niliyoizoea, na viti vilivyosukumwa ukutani. Aliniuliza nimesafiri vizuri. Kisha akaniomba A-flat meja, mikono yote miwili. Niliweka vidole, na havikuenda. Havikukosea. Havikwenda tu. Mdomo wangu ulikuwa mtupu, meno hayana kazi, na vidole vikawa vinangoja ishara ambayo haikuja. Akasema nisiwe na haraka. Nikangoja tena. Ndipo nilipomwomba, kwa Kiingereza changu chote cha kidato cha nne, kama ana penseli. Alinipa yake. Nadhani alifikiri nataka kuandika kitu. Nikaiuma.

Nilicheza skeli zote alizoitisha, bila kosa. Maina zote. Alipofika ya mwisho aligeuka kabisa kwenye kiti chake, akawa anatazama uso wangu badala ya mikono. Nyimbo zangu zilitetemeka, sikujua nifanye nini na kitu mdomoni mahali penye hisia. Kisha ikaja sehemu ya sikio. Mtahini anacheza kipande kifupi cha wimbo na wewe unakiimba. Ndiyo hiyo tu. Watoto wa Sunday school wa kwaya yetu wangekiimba huku wanafukuzana. Nilitoa penseli mdomoni, imejaa alama za meno, nikafungua mdomo, na ikatoka hewa. Akacheza tena. Akasema naweza hata kuivumisha sauti puani, au kupiga mluzi, haijalishi sauti iwe nzuri. Nilikijua kile kipande. Kilikuwa so, mi, fa, so, la, so, nakikumbuka hadi leo, kilikuwa kimekaa kichwani mwangu kizima kabisa kama yai. Hakikutoka. Nilipomrudishia penseli, nimeipangusa kwenye sketi, aliniambia nibaki nayo.

Matokeo yalipofika Madam aliniita akanisomea sebuleni, amesimama kando ya piano. "Skeli umepata vizuri sana, hakuna mtu wangu amewahi kupata hivyo," akasema. "Nyimbo umepita kidogo. Umeangushwa na kuimba." Akavua miwani, akanitazama kwa mshangao wa kweli, mshangao ambao ningeweza kumpiga kwa ajili yake. "Na vile wewe ulikuwa unapenda kuimba." Kisha akaenda kuleta chai.

Nafasi ya muziki ilienda kwa wengine. Chuo kikaniita kusoma Jiografia, nikaisoma, nikawa mtu anayeweza kukueleza kwa nini upepo wa Kitengela unavuma vile unavyovuma, jambo ambalo hakuna mtu wa Kitengela amewahi kuniuliza. Na nilipoanza kuandika nikagundua kwamba hadithi ya penseli inachekesha. Inachekesha kweli. Ukiacha mate, ukiacha ile hewa iliyotoka mdomoni mbele ya mzee wa watu, ukisema nilipita badala ya kuanguka, maana kwenye makala nilipita, basi unabaki na mwalimu mkali wa zamani na msichana mtundu, na kila mtu mezani ana mwalimu wake wa kuongezea. Nilikuwa nakaribishwa chakula kwa hadithi ile. Nilikuwa nimeipenda hasira yangu ikiwa imevaa nguo za kuchekesha, haikumwaibisha mtu, zaidi ya yote haikuniaibisha mimi.

Ijumaa nilikuwa nimejiandaa. Mimi ni mwandishi wa insha, nilikuwa na aya tatu tayari, zenye uzito mzuri, moja hata ilikuwa na huruma. Simu ikalia kabla sijamaliza chai. Nyuma ya sauti ya Nyokabi nilisikia mafundi wakitoboa ukuta.

"Printer wananingoja. Umeamua?"

"Nimeamua. Msiiweke."

"Article ama jina?"

"Zote. Na hiyo penseli msiwape watoto." Aya zangu tatu zikapotea zote. "Ulikuwa ukatili, Nyokabi. Alijua ni kinanda, nilimwambia, na wewe ulikuwa hapo ukisikia. Akaendelea. Sikupita ule mtihani, nilidanganya. Nilimchukia mama yako. Sijui kama nimeacha."

Nikangoja alie, au anitukane. Mashine ya kutoboa ikanyamaza, ikaanza tena.

"Lakini uliandika ilikusaidia," akasema.

"Nilikuwa nachekesha watu."

"Unajua niliisoma lini? Nilikuwa na mimba ya firstborn. Nilikuwa nimejipanga niongee na mum, nimwambie huyu mtoto hatamgusa mdomo. Nimeandika hadi vile nitaanza. Halafu nafungua gazeti, naona Ndinda anasema kila mtoto anahitaji. Nikajiambia, kama hata Ndinda aliona iko sawa, basi mimi ndio niko na shida. Nikanyamaza." Sauti yake ilikuwa imepanda, haikuwa tena ya kufiwa. "Na watoto wangu wote wawili wamepitia hiyo penseli. Kwa nyumba yangu. Mimi nimeketi hapo."

"Basi kwa nini ulitaka kuiweka kwa brosha?"

"Nilitaka nione kama utathubutu kuisema tena. Ukiwa unaniambia mimi."

"Nyokabi, sikujua alikuwa anakufanyia wewe pia."

"Wewe ulikuwa unakuja Jumamosi," akasema. "Mimi nilikuwa naishi hapo."

Fundi mmoja akamuuliza kitu kuhusu swichi, akamjibu kwa upole, kisha akarudi kwenye simu na upole ule haukurudi naye.

"Penseli hakuna," akasema. "Watoto wataimba wakitaka, hata kama wanaimba Namanga. Lakini wewe usikuje opening."

Akakata.